Bi. Wilson, ndege moja na mali ya mayatima

Juma lililopita nilikuwa mpakani. Nilimsindikiza shemeji yangu, mjane wa marehemu kaka yangu, ambaye kwa miaka sasa hununua vitenge Busia na kuviuza Mombasa. Tulianzia Malaba kwa sababu nilikuwa na stakabadhi za mzigo wa mteja, kisha tukateremka Busia kwa matatu.

Aliyewahi kufika Malaba anaijua foleni yake. Trela zimejipanga kando ya barabara, madereva wamefunga kamba za kuanikia nguo kati ya gari na gari, na chini ya tela mtu anachemsha chai kwenye jiko la mkaa. Nilikutana na vijana wa Changamwe na Mikindani wanaosubiri huko kama wanaosubiri mwezi uandame. Shemeji aliitazama foleni ile, akashusha pumzi, ndipo akanieleza kilichomtoa Mombasa nami. Vitenge vilikuwa kisingizio tu. Alitaka shauri, na hakutaka kuliuliza mbele ya watoto.

Mwanawe mkubwa, ambaye mimi ni ami yake, amesomea urubani na leseni anayo. Kazi hajapata. Sasa anamwomba mamake mirathi ya babake inunue ndege ndogo iliyokwisha kutumika, ya viti sita, aanzishe biashara ya ndege ya kukodi. Akiiona foleni ya Malaba anaona pesa: watu wamechoka na barabara, Uganda iko hapo ng'ambo, yeye atawarusha. Bei ya ndege yenyewe ingemeza karibu mali yote aliyoiacha kaka yangu. Na nyuma ya kijana huyo wako dada zake wawili ambao bado wako shule ya msingi.

Mimi si mtu wa ndege. Nina diploma ya biashara na miaka mingi ya kukimbiza karatasi za forodha. Lakini nilimkumbuka mtu mmoja ambaye sisi wa pwani tunalitaja jina lake kila siku bila kumjua. Anayetoka Manda kwenda Nairobi hutua Wilson. Mgonjwa akichukuliwa na madaktari warukao hupelekwa Wilson. Wengi tunadhani Wilson alikuwa gavana au jenerali fulani wa Kiingereza. Hasha. Wilson alikuwa mwanamke, tena mjane, na alianza na ndege moja.

Jina lake kamili ni Florence Kerr Wilson, Mwingereza aliyeishi Kenya na mumewe wakati wa ukoloni, miongoni mwa walowezi. Kufikia 1929 mume alikuwa amefariki, na Bi. Wilson amebaki na mali na umri wa miaka kama 50. Kwa desturi ya watu wake, na pengine hata ya watu wetu, mwanamke wa hali hiyo alitarajiwa kuuza shamba, arudi kwao na kuishi kwa akiba hadi siku zake zitimie.

Nchini humo alikuwapo rubani kijana, Tom Campbell Black, aliyekuwa akirusha ndege Kenya wakati ndege zenyewe zikihesabika kwa vidole. Mwaka ule wa 1929 Bi. Wilson alisafiri naye kwa ndege hadi Uingereza. Tuikumbuke safari ya siku zile ilivyokuwa. Mtu akitaka kwenda Ulaya alishuka Mombasa kwa treni, akapanda meli Kilindini, akapita Aden na Suez, na majuma yakamwishia baharini. Hewani, pamoja na kutua kila mahali kutafuta mafuta, safari ilihesabiwa kwa siku. Bi. Wilson aliyaona hayo kwa macho yake na kwa mifupa yake, maana ndege za wakati huo zilikuwa na baridi, kelele na mtikisiko. Hakuhitaji mtu wa kumweleza faida ya ndege.

Tarehe 31 Julai 1929, mjini Nairobi, ikaanzishwa kampuni ya Wilson Airways. Mtaji ulikuwa wa Bi. Wilson na rubani mkuu alikuwa Campbell Black. Fundi alikuwa Archie Watkins, na kila aliyeijua kazi ile alijua kwamba bila fundi rubani ni msafiri wa miguu. Ndege ilikuwa moja, aina ya Gipsy Moth, yenye mabawa mawili ya kupandana, yaliyofunikwa kwa kitambaa. Ilikuwa na nafasi mbili, zote wazi kwa upepo: moja ya rubani na moja ya abiria. Mwendo wake ulikuwa kama kilomita 130 kwa saa. Leo matatu ya Malaba ikipata barabara tupu haiko mbali na hapo.

Hiyo ndiyo ndege ya kukodi ya mwanzo wao. Abiria ni mtu mmoja, na mzigo wake ni mkoba. Redio ya kumwongoza rubani haikuwapo. Alifuata reli, mito na milima, na mawingu yakimziba alitafuta uwazi atue. Viwanja vilikuwa nyasi zilizokatwa, na kabla ya kutua ilibidi wanyama wafukuzwe. Moshi wa moto uliowashwa kando ya kiwanja ndio uliomwonyesha upepo unakotoka. Mafuta yaliwekwa mbele yake kwa madebe, hapa na pale. Kosa dogo lilikuwa kaburi. Mei 1931 Denys Finch Hatton, mwindaji mashuhuri aliyekuwa na Gipsy Moth yake mwenyewe, aliruka kutoka Voi, ndege ikaanguka ikawaka, akafa pamoja na mtumishi wake Mwafrika. Jina la mwindaji limeandikwa vitabuni na kuchezwa katika filamu. La mtumishi ni wachache walijualo.

Hatari nyingine ilikuwa ya pesa. Miezi mitatu tu baada ya kampuni kufunguliwa, Oktoba 1929, soko la hisa la New York lilianguka na dunia nzima ikayumba. Bei za mahindi, kahawa na katani zikateremka, na nzige wakala kilichobaki mashambani. Walowezi ambao jana walikuwa na pesa za kukodi ndege walianza kukimbizana na benki. Lau Bi. Wilson alitegemea starehe za matajiri peke yake, Wilson Airways ingezikwa kabla haijatimiza mwaka wa pili.

Ilinusurika kwa sababu ya barua. Mwaka 1931 shirika kubwa la Waingereza, Imperial Airways, lilianza safari kutoka London hadi Mwanza, na mwaka uliofuata njia hiyo ikafika Cape Town. Kisumu ikawa kituo muhimu, hata ndege zinazotua majini zikawa zinafikia pale ziwani. Lakini shirika kubwa hufuata njia kubwa. Likishashusha magunia ya posta halishughuliki na mtu wa Mombasa, Tanga, Unguja au Dar es Salaam anayengoja barua yake. Hapo katikati pakabaki pengo, na Bi. Wilson akaliingia. Ndege zake zikaiunganisha pwani yetu na njia ile kuu, zikibeba posta kwa mkataba, na abiria pale viti vilipobaki. Mfanyabiashara wa Unguja ambaye jana alingoja meli sasa alipata majibu ya London kabla karafuu zake hazijapoteza bei.

Abiria humkodi rubani leo na kesho akapanda treni. Posta haikosi safari. Ikiwa ndege ina gunia la barua kila juma kwa mkataba, mwenye kampuni anajua mapema atalipa mafuta kwa nini na mshahara wa fundi kwa nini. Kiti kinachobaki wazi anaweza kukiuza kwa bei nafuu, na hicho ndicho faida. Kwa mtindo huo ndege moja zikawa kadhaa. Kampuni ilinunua Puss Moth, ambayo angalau abiria wake walikaa ndani, ikanunua ndege za Avro zenye injini tatu, na baadaye zile za Dragon za injini mbili. Kila ndege ilifuata kazi iliyokuwa imekwisha kupatikana. Kazi haikungojewa ije ifuate ndege.

Wapo watakaosema siri ya kampuni ilikuwa Campbell Black. Hakika alikuwa rubani wa kupigiwa mfano. Mwanzoni mwa 1931 alimwokoa rubani wa Kijerumani, Ernst Udet, aliyekwama katika vinamasi vya Nile huko Sudan. Ndiye pia aliyemfundisha urubani Beryl Markham, ambaye mwaka 1936 alivuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada. Lakini mwaka 1932 Campbell Black aliondoka Wilson Airways, akaajiriwa na tajiri mmoja wa Uingereza kuwa rubani wake. Miaka miwili baadaye, yeye na mwenzake Scott walishinda mashindano makubwa ya kuruka kutoka Uingereza hadi Melbourne. Mwaka 1936 akafa Liverpool, ndege nyingine ilipoigonga yake chini, uwanjani, hata hajaruka.

Wilson Airways haikufa alipoondoka. Ilikuwa na marubani wengine, mafundi, mikataba na daftari. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi naongeza kwamba biashara iliyo kichwani mwa mtu mmoja huondoka na mtu huyo. Bi. Wilson hakujenga kampuni ya rubani mmoja, ingawa alianza naye.

Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni, na haki ina pande mbili. Bi. Wilson alikuwa mlowezi katika nchi iliyonyang'anywa wenyewe. Mali aliyoitia hatarini ilitokana na tabaka lililopewa ardhi na wengine wakavalishwa kipande shingoni. Waafrika walikata nyasi za viwanja, wakasukuma ndege, wakabeba madebe ya mafuta, na viti havikuwa vyao. Hapa karibu na Busia upo mfano ulio wazi. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mwaka 1931, wazungu walimiminika, na mwaka 1932 serikali ilibadilisha sheria ya ardhi za Waafrika ili wachimbaji waingie bila ya wenyeji kupewa ardhi nyingine badala yake. Ndege, reli na gavana vilifanya kazi ya mfumo mmoja. Anayemsifu Bi. Wilson na kuyanyamazia hayo hajasema kweli yote. Lakini naye anayeyataja hayo tu, asione mwanamke aliyethubutu pale ambapo wanaume wenye mali zaidi yake hawakuthubutu, hajasema kweli yote.

Mwisho wa kampuni ulikuja ghafla. Septemba 1939 vita vikuu vya pili vilizuka. Serikali ya kikoloni ilizichukua ndege na marubani wa Wilson Airways, ikawatia katika kikosi cha anga cha akiba cha Kenya. Kampuni iliyojengwa kwa miaka kumi ikakoma, na vita vilipokwisha haikufufuliwa. Mnamo Januari 1946 lilianza shirika la serikali za Afrika Mashariki, East African Airways, ambalo nalo lilivunjika mwaka 1977 na kuacha kila nchi itafute yake. Bi. Wilson alifariki miongo mingi iliyopita. Mwaka 1962, uhuru ukiwa mlangoni, uwanja wa Nairobi West ulipewa jina lake, na jina hilo halijaondolewa hata baada ya majina mengi ya kikoloni kufutwa. Hapo hapo madaktari warukao, walioanza kazi mwaka 1957, wana makao yao, na vijana wetu wa pwani hujifunza urubani, akiwamo huyu mwana wa kaka yangu.

Nilimsimulia shemeji hadithi hii tukiwa Busia, baada ya swala ya adhuhuri, tumekaa kibandani tukila samaki wa ziwa. Mbele yetu vijana wa boda boda walikuwa wakigombea abiria. Shemeji akacheka, akauliza hao nao wana uhusiano gani na ndege. Nikamwambia uhusiano ni mkubwa. Boda boda, ambayo leo iko kila kona ya Afrika Mashariki, ilizaliwa papa hapa mpakani, Busia na Malaba, tangu miaka ya 1960. Basi la Kenya lilimshusha abiria upande huu na la Uganda likamngojea upande ule. Katikati palikuwa na ardhi ya forodha isiyo na gari, na mtu ana mizigo. Kijana mwenye baiskeli akaliona pengo, akaweka mto nyuma, akaanza kuita watu wa kuvuka kutoka mpaka hadi mpaka. Wa baiskeli alifanya alichofanya Bi. Wilson. Mkubwa aliishia mahali, naye mdogo akaanzia hapo.

Basi swali la kumuuliza mwanetu ni pengo lake liko wapi. Foleni ya Malaba si pengo la ndege. Kinachosubiri pale ni makontena, mafuta na saruji, mizigo ya tani kwa tani, na ndege ya viti sita hubeba kilo. Tena kinachoikwamisha foleni mara nyingi ni karatasi, na karatasi hazirukwi kwa mabawa. Ndege haiwezi kutoka kiwanja kidogo cha Busia ikatua Tororo kama kunguru. Lazima ipitie uwanja wenye forodha na uhamiaji, kama Kisumu, Eldoret au Wilson yenyewe, kisha iingie Uganda kwa mlango unaotambulika kama Entebbe. Abiria aliyeko Busia na anayetaka kwenda Tororo atakuwa amefika, amekula na amelala kabla rubani hajamaliza kuzunguka.

Pengo huenda lipo, lakini kwingine. Huenda ni mgonjwa wa Busia anayehitaji kufika Nairobi leo, au kipuri cha mtambo uliosimama kiwandani huku kila saa ikila pesa. Huenda ni maofisa wa mashirika wanaozunguka kaunti za mbali, au hoteli ya Lamu inayotaka samaki na wageni kwa siku maalumu. Hayo ndiyo magunia ya posta ya leo. Kijana akipata watano wa namna hiyo, waliotia saini, ana biashara hata kabla hajawa na ndege. Asipowapata, ana chombo cha kulipia maegesho, bima, ukaguzi wa fundi kila ndege itimizapo saa 100 angani, na leseni mbili kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga: ya kutoa huduma, na cheti cha kuendesha ndege za biashara. Ndege hula hata ikiwa imelala. Punda akilala walau hula majani yake.

Halafu lipo jambo ambalo kwetu sisi Waislamu halina mjadala. Bi. Wilson alihatarisha chake. Ingepotea, angelia peke yake. Mirathi ya kaka yangu si ya shemeji peke yake. Fungu lake mjane mwenye watoto ni thumuni, moja katika nane, na kinachobaki ni cha watoto, mvulana mafungu mawili kwa fungu moja la kila msichana. Dada wawili wale bado hawajabaleghe. Mali yao ni amana ya yatima, na Qur'ani imetuonya kuikaribia ila kwa njia iliyo bora. Kununulia ndege ya ndugu yao fungu la watoto wasioweza kukubali wala kukataa, kwa biashara ambayo hata wenye uzoefu hufilisika, mimi sioni ubora wake. Ujasiri kwa mali yako ni sifa. Kwa mali ya yatima una jina jingine.

Lakini sikutaka kumvunja moyo kijana, maana hata thumuni ya mamake ni yake mama kuamua. Na tusisahau kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alifanya kazi ya biashara kwa mtaji wa mjane, Bibi Khadija, radhi za Allah ziwe juu yake. Hakuja kwake na ndoto. Alikuja na uaminifu na hesabu za msafara.

Jioni, kabla hatujapanda basi la Kisumu, tulimpigia simu. Nilimpa masharti mawili mbele ya mamake. La kwanza, mafungu ya dada zake hayaguswi, na la mwenyewe litatosha kuwa jasho lake. La pili, asinunue ndege. Anao muda hadi baada ya Ramadhani kuniletea wateja watano kwa majina na maandishi, pamoja na bei ya kukodi ndege ya mtu mwingine kwa saa atakazoruka. Akivileta, mamake ataingiza kiasi katika thumuni yake, na mimi ami yake nitatia changu pembeni.

Alinyamaza kidogo. Nilidhani amekasirika. Kisha akaniuliza yule Bi. Wilson alianza na ndege ya viti vingapi. Nikamwambia viwili, na kimoja ni cha rubani.

Wallahu a'alam.